Mwanamke wa Dirisha la Juu

Kaka yangu alirudi na kile kimchezo cha betri kutoka Uganda miaka michache baada ya vita, wakati watu wengi wa kwetu Izigo walikuwa wanavuka mpaka na kahawa na kurudi na mashati, sabuni na redio kaseti. Kilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni kilichotumika nusu. Uso wake ulikuwa wa bati linalong'aa, na katikati palikuwa na kioo. Ndani ya kioo palikuwa na nyumba ya ghorofa moja iliyokuwa ikivuja. Kijitu cheusi kisicho na uso kilikimbia huku na huku chini ya paa, kimeshika ndoo, kikikinga matone. Tone likianguka sakafuni, kimchezo kililia. Yakianguka matatu, basi, umeshindwa. Juu pembeni namba ziliongezeka kwa kila tone lililokingwa, na kwa kuwa nafasi za namba zilikuwa tatu tu, tulijua mwisho wake ni mia tisa tisini na tisa.

Vitufe vilikuwa vinne. Viwili vilimpeleka mtu kushoto na kulia. Cha tatu kilianzisha mchezo. Cha nne hakikubonyea kabisa, na maandishi yake yalikuwa yamefutika. Tulikiita kitufe kilichokufa.

Mimi ndiye niliyemwona yule mwanamke kwanza. Ilikuwa mchana, shemeji yangu, mke wa kaka, akigeuza kahawa kwenye majamvi uani, nami nimekaa pembeni na kimchezo mkononi. Nilikiinamisha ili jua lisinipige machoni. Mara nikaona vivuli. Kila mahali ambapo yule mtu wa ndoo angeweza kusimama, kivuli chake kilikuwa kimekwisha kuwapo, hafifu, kama alama ya maji kwenye karatasi. Matone yote yalikuwapo pia. Na kwenye dirisha la juu, mahali ambapo katika mchezo hapakuwa na kitu, palikuwa na mwanamke.

Alikuwa amefunga kitambaa kichwani. Upande wake wa kushoto palikuwa na kitu kilichotokeza nje ya dirisha, mkono au pazia, hatukuwahi kuelewana. Nilimwita shemeji aje aone. Alifuta mikono kwenye kanga, akatazama kwa muda, akasema, "Mae! Sasa huyu anamngoja nani?"

Swali hilo lilitutawala kwa karibu miaka miwili.

Jumapili baada ya Misa watu walikusanyika uani kwa kaka kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na kimchezo kilizunguka mikononi mwao pamoja na kibuyu. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Katekista wetu, mzee mpole aliyevaa kofia ya pama, alisema ni Bikira Maria.

"Bikira Maria gani anakaa kwenye nyumba inayovuja?" akauliza askari mmoja aliyerudi vitani akichechemea.

"Alijifungulia zizini, wewe! Utamchagulia nyumba?"

Tulicheka mpaka kibuyu kikamwagika. Lakini askari hakuwa anatania. Alisema vitani, mkiingia mji wa watu na kuukuta umetulia, cha kutazama ni dirisha la juu. Hapo ndipo anapokaa mtu wa kuangalia kombora limeangukia wapi. "Huyo hangoji kitu," alisema. "Huyo anatuhesabu." Baada ya maneno hayo watu wawili walikataa kukishika kimchezo siku hiyo.

Mimi nilikuwa na daftari. Nilimaliza kidato cha nne, nilikuwa karani wa kupima kahawa kwenye chama chetu cha ushirika, na nilipenda kuonekana mtu anayejua. Katika daftari hilo niliandika kila alichosema kila mtu, kisha nikaandika ya kwangu: kwamba mwanamke ndiye mwenye nyumba, kwamba atatoka siku mtu atakapofikisha mia tisa tisini na tisa, kwamba kitufe kilichokufa ni mlango wake na kisijaribiwe kwa nguvu. Hiyo ya mwisho niliibuni kwa kuwa kijana mmoja alitaka kukichokoa kwa pini, nami nikaogopa atakiharibu. Watu waliikubali kuliko zote. Walikuwa wakinijia wananiuliza, "Karani, daftari linasemaje?"

Leo wajukuu wangu wanabishana kwa simu zao kuhusu mtu aliyefichwa ndani ya gemu fulani, na mlango usiofunguka, na nani amewahi kuufungua. Wananiona nimenyamaza, wanadhani sielewi.

Jumapili moja askari alinitania mbele ya watu. "Karani una kidato cha nne, una daftari, una kalamu mbili mfukoni. Mia nane hujafika. Hata shemeji yako anakupita!"

Watu walicheka, na shemeji, aliyekuwa akipitisha bakuli la kahawa ya kutafuna, akacheka pia na kuinamisha kichwa. Nilichukua kimchezo nikaenda nyuma ya jiko, nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, nimeelekea ziwani. Nilicheza kwa hasira. Nilifika mia saba arobaini na kitu. Tone la tatu likaanguka.

Nilikaa pale kidogo. Halafu nikarudi uani, nikasema nimemaliza, na mwanamke ametoka.

Hata sasa sijui kwa nini uongo ulinijia mwepesi namna ile. Katekista alivua kofia. Kaka yangu, aliyekuwa ameegemea nguzo ya baraza, akasimama wima.

"Alifanya nini?" akauliza askari.

"Alinyosha mkono."

"Upande gani?"

Nilikumbuka kile kivuli tulichobishania. "Kushoto," nikasema. "Nje ya nyumba. Ule ni mkono, siyo pazia. Alielekeza mara moja, akafutika."

Hakuna aliyenitaka nirudie. Waliniamini kwa sababu nilikuwa na daftari. Kaka peke yake alinifuata baadaye, watu walipokuwa wanaaga, akaniuliza polepole, "Mdogo wangu, ulikuwa umekaa umeelekea wapi?"

"Ziwani," nikamjibu.

Ukielekea ziwani ukiwa kwetu, mkono wako wa kushoto ni kaskazini. Ni Uganda. Mimi sikuliwaza hilo hata kidogo.

Msimu uliofuata ndipo ugonjwa ulipoanza kuonekana kwetu. Kwanza walikonda wale waliokuwa wakivuka mpaka, vijana wenye viatu vizuri. Walikohoa, wakaharisha, ngozi zao zikatoka mapele, wakafa. Watu waliuita ugonjwa ule kwa jina la kitambaa cha mashati ambayo wafanyabiashara walikuja nayo. Kila mtu alikuwa na maelezo, kama ilivyokuwa kwa kimchezo. Yaliyoshika zaidi yalikuwa haya: vijana wetu waliwadhulumu watu huko ng'ambo, na watu hao wamekwenda kwa waganga, na sasa mali inawafuata wenye kuichukua.

Halafu kaka akaanza kukohoa.

Alikuwa mtu mnene, mwenye shingo ya kubeba mikungu miwili. Katika miezi mitano mashati yake yaligeuka ya mtu mwingine. Nilimpeleka hospitali ya misheni kwa gari la kahawa, akiwa amekaa mbele na dereva, amejifunika koti kwenye jua kali. Sista aliyempima alikuwa mwanamke wa makamo, hakuwa na maneno mengi. Aliniita pembeni siku ya Ijumaa nilipokwenda kuchukua majibu ya makohozi.

"Kaka yako ana kifua kikuu," alisema. "Ana mengine pia ambayo hata sisi bado tunajifunza, sitakudanganya. Lakini kifua kinatibika. Akianza sindano sasa anaweza kupata muda, labda miaka. Akichelewa, kifua kitamuua kabla ya hayo mengine. Mlete Jumatatu. Nimemwekea kitanda."

Nilirudi nikikimbia. Nilimkuta kaka barazani, shemeji akimkanda miguu kwa maji ya moto. Nikamweleza yote kama nilivyoambiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Jumatatu nasafiri," akasema.

"Unasafiri kwenda wapi na kifua hicho?"

Akamwomba shemeji atupishe. Shemeji akaingia ndani, lakini sikusikia hatua zake zikifika mbali. Kaka akaniambia kwamba kimchezo hakukinunua kama alivyotuambia siku zote. Mwanamke mmoja ng'ambo, mwenye nyumba alikokuwa akilala akienda biashara, alimpa akimwomba: betri zake zimekwisha, maduka ya kwao yamebaki matupu tangu vita, tafadhali amtafutie betri Bukoba kwa Wahindi na kukirudisha safari itakayofuata. Kilikuwa cha mtoto wake. Kaka akatia betri, kikawaka, akakipenda. Safari iliyofuata akalala nyumba nyingine.

"Alikuwa anafunga kitambaa," kaka akasema. "Kama yule. Na wewe umemwona akielekeza kaskazini. Mdogo wangu, ningekuwa na shaka kama angeniambia mwingine. Wewe husemi usichokiona."

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Jua lilikuwa bado juu, tulikuwa wawili, naye alikuwa ananitazama. Nilisema, "Basi nipe mimi nikipeleke. Wewe nenda hospitali."

"Aliyechukua ni mimi," akajibu. "Nikituma mtu, nimerudisha nini? Nitakuwa nimemtupia takataka yake mlangoni."

Kwetu hilo halina ubishi. Kitu ulichokiweka isivyo halali, unakwenda nacho mwenyewe, unasimama uani kwa mwenye nacho, unaonekana. Nilijua nimeshindwa. Akanipa kimchezo. Kioo kilikuwa kimeanza kufifia. "Kesho nenda Bukoba ukanitilie betri mpya. Aliniomba betri. Nitampelekea kikiwa kinawaka."

Jumamosi asubuhi nikaenda. Wahindi wa mjini walikuwa wamepungua, maduka mengi yamefungwa milango ya mabati, lakini mzee wao mmoja, fundi wa saa, alikuwa bado amekaa kwenye kijimeza chake karibu na dirisha, kioo cha kukuzia jichoni. Alizaliwa Bukoba, na Kihaya chake kilikuwa safi kuliko cha watoto wetu wa leo.

"Waitu, karibu," akasema kwa adabu ya kwetu, akakipokea. Alifungua mgongo kwa bisibisi ndogo kama sindano, akatoa betri, akaanza kunung'unika. "Mbona mmeacha kuvu imeota humu? Hiki kitufe kimeshika."

"Hicho kimekufa," nikasema.

"Nani kakuambia kimekufa?"

Alichovya pamba kwenye spiriti, akasugua, akapuliza, akatia betri mpya, akarudisha kifuniko. Kisha akabonyeza kitufe cha nne. Kilisikika ka!, sauti ndogo ya kitu kizima. Kioo kikawaka.

Na mwanamke alikuwa dirishani. Mweusi kabisa, wazi kabisa, siyo kivuli. Ameshika beseni. Matone yaliyoangukia juu aliyakinga yeye. Beseni lilipojaa alinyosha mkono kushoto na kumwaga maji nje. Yule mtu wa chini alikinga yaliyobaki. Walisaidiana.

Nilishika ukingo wa kimeza.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

Mzee wa saa aliinua macho. "Nani? Mke wake, nadhani. Huu ni mchezo wa pili. Kwa kitufe hiki cha tatu unacheza na mume peke yake, kwa hiki kingine wanacheza wote wawili. Mlikuwa hamjui?" Akacheka bila ubaya. "Siku zote mmemfungia mama wa watu!"

Miaka miwili. Daftari zima. Pamba na spiriti vilitosha, dakika chache, kwenye dirisha ambalo nilipita mbele yake kila nilipokwenda mjini.

Katika gari la kurudi nilipanga maneno yangu. Nitampa kaka kimchezo, nitamwambia: tazama, ni kitufe tu, mimi sikumwona, nilidanganya, Jumatatu twende kwa sista. Niliyarudia mpaka abiria mwenzangu akaniuliza kama ninasali.

Kaka alikuwa uani, amekaa kwenye kiti, amekwisha kuvaa koti lake la safari ingawa ilikuwa Jumamosi. Shemeji alikuwa karibu naye akimenya ndizi. Nilimnyoshea kimchezo nikasema, "Kaka, bonyeza hiki cha nne." Nilikuwa nimekusudia kuendelea. Hakunipa nafasi. Alibonyeza.

Alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Alisimama, yeye ambaye siku zile alikuwa akiinuliwa. "Ametoka!" akasema. "Ametoka mwenyewe! Mkono ule, kushoto, kama ulivyosema!" Machozi yalikuwa yanamtiririka, naye anacheka, anakohoa, anacheka. "Amekubali. Amejua nakwenda. Mama watoto, tazama, amefungua!"

Shemeji hakuwa anatazama kimchezo. Alikuwa ananitazama mimi.

Nilifungua mdomo. Uso wa kaka ulikuwa umerudi kuwa uso niliokuwa naujua, wa mtu mwenye kesho. Nikaufunga. Nikasema, "Ndiyo, kaka. Ametoka."

Nimefanya makosa mengine maishani, na mengine niliyafanya bila kujua. Hili nililifanya nikijua, mchana, nikiwa na majibu ya sista mfukoni.

Jumatatu kitanda kilikaa kitupu. Kaka na shemeji walipanda gari la kwenda Bukoba, kisha la kwenda mpakani. Walichukua siku tatu kufika, kwa sababu kila kituo alilazimika kulala chini. Nilisubiri. Siku ya kumi na moja walirudi nyuma ya lori lililobeba ndizi, kaka amelazwa juu ya majani. Hakusema tena sentensi iliyokamilika. Alikufa kabla ya Jumapili.

Wiki mbili baada ya matanga nilikwenda kwa shemeji. Alikuwa jikoni, kwenye kigoda, anamenya ndizi za jioni. Nilimwuliza yaliyotokea ng'ambo, kwa kuwa hakuwa amemwambia mtu.

"Yule mama alikwisha kufa," akasema. "Ugonjwa huu huu. Na mtoto pia. Tulimkuta mama yake mzazi, kikongwe, hasikii vizuri. Kaka yako alisimama uani akaeleza kila kitu, akiwa ameshikilia mti. Bibi akakipokea kimchezo, akakigeuza, akasema, 'Nini hiki?' Kisha akatupatia uji."

Kisu chake kiliendelea kufanya kazi. Nikaona siwezi kukaa na neno langu tena. Nikapiga magoti kwenye majivu.

"Shemeji, mimi sikumwona yule mwanamke. Siku ile nyuma ya jiko nilidanganya. Sikufika hata mia nane."

"Najua," akasema.

Nilidhani sikusikia sawasawa.

"Najua, shemeji. Mimi nilifikisha mia tisa tisini na tisa mwezi mmoja kabla yako, nikichunga kahawa uani. Namba zilirudi sifuri, yule mtu akaendelea kukimbia na ndoo. Hakuna aliyetoka. Ningemwambia nani? Nyinyi mlikuwa na daftari." Akaweka ndizi iliyomenywa kwenye maji. "Ulipotuambia ametoka, nilijua umedanganya. Uliporudi kutoka Bukoba na kitufe kimefunguka, nilijua tena."

"Mbona hukusema? Alikuwa na kitanda! Mbona ulikwenda naye?"

Nilikuwa napiga kelele, mimi, aliyetakiwa kunyamaza. Aliniacha nimalize.

"Nilikuwa nyuma ya mlango alipoeleza habari ya kimchezo, na miguuni kwake uliposema maneno ya sista," akasema. "Kifua, na mengine ambayo bado wanajifunza. Nikawaza, kama ni kile kimchezo, tutakirudisha, na mimi nitakuwa salama. Kama ni kama asemavyo sista, basi mimi ndiye ninayelala naye." Akageuza uso pembeni akakohoa, kikohozi kifupi, kikavu, ambacho ndipo nilipotambua nilikuwa nimekisikia tangu nilipoingia. "Nilitaka uwe ni wewe uliyesema kweli."

Maji ya ndizi yalikuwa yamegeuka meusi kwa utomvu. Nilitaka aniseme vibaya. Akainuka kuweka chungu motoni.

"Kile kitanda," akasema akiwa amenipa mgongo. "Unadhani wamekwisha kumpa mtu?"

Jumatatu nilimpeleka. Sista hakuuliza kaka yuko wapi. Alimtazama shemeji, akanitazama mimi, akafungua kitabu. Sindano zilikuwa za miezi mingi, nami nilikuwa nampeleka kwa baiskeli kila zilipotakiwa, nikimsukuma kwenye mlima na kupanda kwenye tambarare. Kikohozi kiliisha. Akanenepa. Akapanda maharage, akaozesha binti yake wa kwanza, akacheza harusini.

Aliishi miaka minne. Naikumbuka kwa misimu ya senene, panzi wetu wa kuliwa: mara nne nilikaa naye barazani Novemba tukikata mabawa na miguu, sinia katikati yetu, tukizungumza habari za watoto na mvua. Alikuwa akicheka. Na kila alipocheka nilikuwa nikitazama kiti cha pili, kile ambacho kaka alikalia akiwa na koti lake la safari, na nilijua kwa hakika, kwa kuwa nilikuwa naiona mbele yangu ikila na kucheka na kuchambua senene, ile miaka niliyomnyima kaka ilivyokuwa.